Swali Litangulie Kamera: Kuchagua Idadi ya Picha kwa Sekunde katika Filamu za Mwendo wa Polepole

Katika ufundishaji wa Sayansi yako matendo mengi yapitayo upesi kuliko jicho liwezavyo kuyafuata. Jiwe likiachiwa kutoka urefu wa meta 2 hufika chini kwa muda wa sekunde 0.64 tu. Mwalimu akiisha kuliachia mbele ya darasa, jambo ambalo wanafunzi wamelishuhudia kwa hakika ni kwamba jiwe lilikuwa juu na sasa liko chini. Yaliyotukia katikati huelezwa kwa maneno, nao huyaandika katika madaftari na kuyakariri. Wanaambiwa kwamba mwendo wa jiwe uliongezeka, hawakuuona ukiongezeka. Hapo somo la Sayansi huwa limegeuka kuwa somo la kumwamini mwalimu.

Siku hizi walimu wengi wa mkoa wa Lindi, hata wale walio katika kata za mbali na mji kama Nyangamara, wana chombo cha kuiondoa kasoro hiyo, nacho ni simu ya mkononi yenye kamera. Simu nyingi zinaweza kupiga picha 30 au 60 kwa sekunde, na baadhi yake 120 au 240. Filamu iliyopigwa kwa wingi huo huweza kuonyeshwa polepole, na tendo la kufumba na kufumbua likatazamwa hatua kwa hatua. Lakini chombo peke yake hakitoshi. Tunapowatembelea wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, tunaona aina mbili za filamu zisizofaa. Ya kwanza ni ile iliyopigwa kwa idadi ya kawaida, kisha ikavutwa iwe ndefu. Kitu hurukaruka kama chura na wanafunzi hucheka badala ya kutazama. Ya pili ni ile iliyopigwa kwa idadi kubwa kuliko zote ambayo simu inaiweza. Picha ni za giza, zinawaka na kufifia, na haziishi. Aina zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba mpigaji hakujiuliza, kabla ya kupiga, ni kitu gani anataka mwanafunzi akione.

Rai yetu katika makala hii ni kwamba idadi ya picha kwa sekunde ni jambo la kuamuliwa katika andalio la somo, si jambo la kuachiwa simu, wala la kutengenezwa baada ya kupiga. Swali la somo litangulie, kamera ifuate.

Asili ya mwendo wa polepole

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba ufundi huu si mchezo ulioletwa na simu. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi ili kujibu swali moja: je, farasi anapokwenda mbio, uko wakati ambapo miguu yote minne haigusi ardhi? Picha zilijibu kwamba uko. Wachoraji na wapanda farasi walikuwa wamebishana kwa muda mrefu, na jicho halikuweza kuwaamua.

Aidha, mtu aliyebuni mtambo wa kuonyesha filamu kwa mwendo wa polepole alikuwa mwalimu. August Musger, padri aliyefundisha fizikia huko Graz katika nchi ya Austria, alipewa hataza ya mtambo wake mwaka 1904. Hakuweza kuendelea kulipa ada, na mwaka 1912 haki yake ikapotea. Mwaka 1914 kampuni ya Ernemann ya Dresden, Ujerumani, ilitoa mtambo uliotumia njia hiyo, ukaitwa Zeitlupe, yaani kioo cha kukuzia wakati. Jina hilo lina maana ambayo mwalimu hana budi kuishika. Kama hadubini inavyokuza kitu kidogo kikaonekana, ndivyo filamu ya polepole inavyokuza muda mfupi ukaonekana. Na kama vile hakuna mwalimu anayechagua lenzi ya hadubini bila kujua anatafuta nini juu ya kigae, vivyo hivyo isiwe kwa kamera.

Hapa lazima tuondoe fikira moja mbaya ya zamani. Idara ya filamu ya serikali ya kikoloni ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, ilishika msimamo kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu za mwendo wa taratibu na za muundo rahisi sana, kwa kuwa akili yake haijazoea. Msimamo huo ulikuwa wa dharau. Sisi hatumpunguzii mwanafunzi wa Nyangamara mwendo wa jiwe kwa sababu akili yake ni nzito. Tunaupunguza kwa sababu jicho la binadamu, awe profesa au mtoto wa Darasa la VI, lina kikomo, na Sayansi daima imetafuta vyombo vya kuvuka kikomo hicho.

Hesabu iliyo msingi wa uchaguzi

Filamu ni mfululizo wa picha zilizotulia, ambazo zikifuatana upesi jicho huziona kama mwendo mmoja. Filamu za senema zenye sauti zilizoea picha 24 kwa sekunde. Televisheni za nchi zetu, ambako umeme hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, zilifuata picha 25. Marekani, ambako umeme hukamilisha mizunguko 60, walifuata 30, na ndiyo sababu simu nyingi zina namba za 30, 60, 120 na 240. Kwa kawaida mwendo unaoonyeshwa kwa picha 24 hadi 30 huonekana laini. Ukishuka chini sana ya hapo, jicho huanza kuona mruko.

Kanuni ni nyepesi kiasi cha kufundishwa kwa dakika tano. Gawa idadi ya picha zilizopigwa katika sekunde moja kwa idadi ya picha zitakazoonyeshwa katika sekunde moja. Jibu ni mara ambazo tendo litapunguzwa kasi. Picha 60 zikionyeshwa kwa 30, tendo huchukua muda mara 2. Picha 120 zikionyeshwa kwa 30, huchukua mara 4. Picha 240, mara 8. Picha 100 zikionyeshwa kwa 25, huchukua mara 4.

Kutokana na kanuni hiyo tunaona kwa nini filamu iliyovutwa hurukaruka. Aliyepiga picha 30 kwa sekunde akataka kupunguza kasi mara 4 anawaonyesha wanafunzi picha 7 na nusu tu kwa sekunde. Hakuna hila inayoweza kuzaa picha ambazo kamera haikuzipiga. Kilichotukia kati ya picha mbili hakikuhifadhiwa popote.

Tutazame mfano wa mwanariadha wetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia. Hiyo ni wastani wa meta 7.07 kwa sekunde. Kwa picha 25 kwa sekunde, mkimbiaji wa mwendo huo husogea sentimeta 28 kati ya picha moja na ya pili. Anayetaka kujua mguu unatua kwa kisigino au kwa vidole atakuta kwamba huenda tendo lenyewe limepita kati ya picha mbili. Kwa picha 100, mkimbiaji husogea sentimeta 7 tu, na kutua kwa mguu hufuatika. Mwalimu wa michezo anayetaka kumrekebisha mwanafunzi wake ajue hesabu hii kabla hajaenda uwanjani.

Mfano wa kwanza: jiwe linaloanguka

Sasa tueleze zoezi tunalolipendekeza kwa wanachuo wanaopangiwa Nyangamara na shule nyingine zisizo na maabara. Vifaa ni jiwe la ukubwa wa ngumi, ufito wa meta 2 uliochorwa alama kila sentimeta 10 kwa mkaa na chokaa, na simu moja. Ufito usimamishwe wima ukutani, nje, mahali penye jua. Simu iegemezwe juu ya stuli au matofali, isishikwe mkononi, iwe umbali wa meta 3 au zaidi, na kimo chake kiwe sawa na katikati ya ufito, ili alama za juu na za chini zisipotoshwe na mtazamo. Jiwe liachiwe karibu kabisa na ufito.

Swali la somo ni hili: je, jiwe huanguka kwa mwendo ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho, au mwendo hubadilika, na kama hubadilika, kwa utaratibu gani?

Kabla ya kuchagua idadi ya picha, mwalimu akadirie mwendo mkubwa kabisa. Jiwe lililoanguka meta 2 huwa na mwendo wa meta 6.3 hivi kwa sekunde linapokaribia ardhi. Kwa picha 30 kwa sekunde litasogea sentimeta 21 kati ya picha mbili, na anguko zima litapata picha 19 tu. Kwa picha 120 litasogea sentimeta 5, na anguko litapata picha 76. Kwa picha 240 litasogea sentimeta 2.6, na picha zitakuwa zaidi ya 150. Ufito wetu una alama kila sentimeta 10. Basi 120 inatosha, na 240 haitaongeza ujuzi wowote ambao ufito huo unaweza kuupima. Zaidi ya hayo, simu nyingi zikipandishwa hadi 240 hupunguza ukali wa picha, na alama za ufito zikawa vigumu kusomeka. Tumechagua 120 kwa sababu ndiyo inayojibu swali, ijapokuwa iko namba kubwa kuliko hiyo.

Filamu ikiisha kupigwa, huonyeshwa mara moja kwa mwendo wa polepole. Tendo la sekunde 0.64 huchukua sekunde 2 na nusu, na darasa zima huona. Kisha kazi yenyewe huanza. Filamu isogezwe picha moja moja. Katika kompyuta yenye programu ya VLC, kitufe cha herufi E hufanya kazi hiyo. Mahali penye simu tu, wanafunzi wakae katika vikundi na kupokezana. Kila baada ya picha 12, yaani kila sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwanafunzi asome jiwe liko kwenye alama gani, aandike.

Wakipima vizuri, watapata umbali unaokaribia sentimeta 5, 20, 44, 78, 122 na 176. Waambiwe watoe kila namba katika inayofuata. Watapata takriban 5, 15, 24, 34, 44 na 54. Kila tofauti imeizidi ile iliyotangulia kwa sentimeta 10 hivi. Mwanafunzi aliyefika hapo hana haja ya kuambiwa kwamba mwendo huongezeka kwa kiasi kile kile kila wakati. Ameona kwa macho yake na kuhesabu kwa mkono wake. Akitambua pia kwamba namba hizo zinalingana na 1, 3, 5, 7, 9 na 11, atakuwa amefika mahali ambapo Galileo alifika karne ya 17 kwa kuviringisha mipira juu ya mbao zilizoinama. Galileo aliinamisha mbao kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kupunguza mwendo. Sisi tunayo.

Lipo onyo moja la lazima. Wanafunzi wahesabu picha, wasisome saa inayoonekana chini ya filamu. Filamu iliyopunguzwa kasi mara 4 huonyesha muda uliorefushwa mara 4, na kwa kuwa muda huingia katika hesabu hii mara mbili, kuongezeka kwa mwendo kutatokea kuwa sehemu moja ya 16 ya ukweli. Badala ya 9.8 watapata 0.6, na mwalimu asiyejua sababu atawalaumu kwa uzembe wasiokuwa nao.

Mfano wa pili: miguu ya wachezaji wa sindimba

Tuchukue jambo la namna nyingine kabisa. Mwalimu wa Sanaa na Michezo anataka kuwafundisha wanafunzi hatua za sindimba, ngoma ya Wamakonde inayojulikana nchini kote. Hapa hakuna cha kupimwa kwa sentimeta. Linalotakiwa ni mfuatano wa kiuno, goti na unyayo uonekane bila kupoteza uzuri wake. Mwendo ukipunguzwa mara 8 ngoma hufa. Mchezaji huonekana kama mtu anayetembea ndani ya maji, na mwanafunzi hawezi tena kuhusisha hatua na mdundo. Kwa maoni yetu picha 60 kwa sekunde, zikionyeshwa kwa 30, zinatosha. Mwendo umepungua kwa nusu, na mkono wa mpigaji ngoma bado unaweza kufuatwa pamoja na mguu wa mchezaji.

Tofauti nyingine kati ya mifano hii miwili ni muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie katika kila picha. Muda huo ukiwa mrefu, kitu kinachokwenda huacha ukungu; ukiwa mfupi, hukatika vikali. Kwa jiwe tunataka ukali: katika sehemu moja ya 1,000 ya sekunde jiwe letu husogea milimeta 6 tu, lakini katika sehemu moja ya 120 lingesogea zaidi ya sentimeta 5 na kuonekana kama mstari. Kwa ngoma ukali uliozidi hufanya viungo vionekane vinashtukashtuka. Mazoea ya wapiga filamu ni kuruhusu mwanga kwa nusu ya nafasi ya picha moja; yaani, kwa picha 60, sehemu moja ya 120 ya sekunde. Ukungu kidogo unaobaki ndio unaoziunganisha picha zikawa laini. Simu isiyoruhusu kupanga muda huo huupanga yenyewe kwa kufuata mwanga: juani huufupisha, kivulini huurefusha. Kwa hiyo mwalimu asiye na namna nyingine apige jiwe juani, na ngoma aipige chini ya mwembe au jioni.

Mwanga na taa

Kila picha zinapoongezeka, mwanga wa kila picha hupungua. Nafasi ya picha moja katika 240 ni sehemu ya nane tu ya nafasi ya picha katika 30. Darasa lenye madirisha madogo, ambalo lilitosha kwa filamu ya kawaida, litatoa filamu ya giza. Simu nyingine, zikikosa mwanga, hupunguza zenyewe idadi ya picha bila kumwarifu mtu, na hesabu yote ikaharibika.

Taa za umeme nazo zina hila yake. Umeme wa nchi yetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi, hasa za mirija na balbu za bei rahisi, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huona. Filamu ya picha 120 iliyopigwa chini ya taa hizo na kuonyeshwa kwa 30 huwaka na kufifia mara 5 kila sekunde, jambo linaloumiza macho. Simu ikiwa na nafasi ya picha 50 au 100, hiyo ndiyo ya kutumia ndani ya nyumba, kwa kuwa inakwenda sambamba na taa. Ikiwa haina, dawa ni kutoka nje. Jua la Lindi halifuati mizunguko ya umeme, na halina bei.

Hoja zinazopingana na yetu

Wako wasemao kwamba ni salama kuchagua namba kubwa kabisa kila mara, kisha kupunguza baadaye. Tumekwisha kuonyesha hasara za mwanga na ukali wa picha. Iko na hasara ya muda. Dakika moja iliyopigwa kwa picha 240 huchukua dakika 8 ikionyeshwa kwa 30. Kipindi cha dakika 40 hakiwezi kubeba hayo, na wanafunzi wakichoshwa na mambo yasiyohusika hawatakuwa macho tendo linapofika.

Wengine husema kwamba siku hizi ziko programu zinazoweza kujaza picha zilizokosekana, filamu ya picha 30 ikawa laini kama ya 240. Ni kweli ziko, na hata baadhi ya simu hujitangazia namba kubwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa filamu ya harusi hatuna neno. Lakini picha zilizojazwa ni za kukisiwa. Programu hutazama jiwe lilikuwa wapi na likafika wapi, kisha huchora mahali ambapo huenda lilipita. Mwanafunzi anayepima picha hiyo hapimi jiwe, anapima kisio la mashine. Kumpa kisio hilo na kumwambia kwamba ni ushahidi ni kumfundisha uongo kwa jina la Sayansi. Katika jambo hili hatuoni nafasi ya maafikiano. Kwa kupima, zitumike picha zilizopigwa tu.

Wapo pia wenzetu wanaohofu kwamba filamu itachukua nafasi ya vitendo. Hofu hiyo ina msingi, nasi tunaiheshimu. Mwanafunzi anayeonyeshwa jiwe kwenye kioo bila kuliachia jiwe kwa mkono wake amepewa hadithi ya namna nyingine. Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: kwanza wanafunzi waachie jiwe wenyewe, pili kila mmoja aandike anavyodhani mwendo unakwenda, tatu filamu ipigwe mbele yao, nne wapime, tano walinganishe walichokidhani na walichokiona. Filamu ikae katikati ya vitendo, isikae badala yake.

Mapendekezo

Tunatoa mapendekezo manne kwa wakufunzi wenzetu na kwa walimu walioko kazini.

Kwanza, somo la zana za kufundishia vyuoni liwe na zoezi la kuchagua idadi ya picha. Mwanachuo apewe matendo matano, kwa mfano jiwe linaloanguka, timazi ya uzi wa meta 1, panzi anayeruka, mtupo wa netiboli na mbegu ya mbaazi inayoota, naye aeleze kwa hesabu kila moja lahitaji idadi gani. Timazi ya meta 1 hukamilisha mzunguko wake kwa sekunde 2, na picha 30 zinaitosha kabisa. Mbegu itamlazimisha kufikiri kinyume: picha moja kila dakika 10 kwa siku 5 ni picha 720, ambazo zikionyeshwa kwa 30 huchukua sekunde 24. Atakayelijibu vizuri hilo la mbegu ameielewa kanuni yenyewe.

Pili, andalio la somo lolote litakalotumia filamu liandikwe swali, muda wa tendo, idadi ya picha na mahali pa mwanga. Ni mistari minne tu, na inamwokoa mwalimu na aibu ya kushindwa mbele ya darasa.

Tatu, kila filamu inayotunzwa au kupelekwa kwa mwalimu mwingine iandikwe idadi ya picha iliyopigwa nayo. Filamu isiyo na namba hiyo ni kama ramani isiyo na kipimo; inaweza kutazamwa, haiwezi kupimwa. Tena isipelekwe kama video ya kawaida kwa njia ya WhatsApp, kwa kuwa hubanwa njiani na inaweza kupoteza picha. Ipelekwe kwa waya au kadi ya kumbukumbu. Shule yenye kompyuta inaweza kuitumia pia katika Tracker, programu iliyotungwa na Douglas Brown na inayopatikana bila malipo, ambayo hufuata kitu picha kwa picha na kuchora grafu ya mwendo wake.

Nne, walimu wa shule jirani washirikiane. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na si kila mwalimu ana simu yenye picha 120. Ikiwa kata ina simu moja ya namna hiyo, mwenye nayo anaweza kuwapigia wenzake filamu chache zilizo bora, zikatumika miaka mingi. Filamu moja yenye jibu inashinda hamsini zinazowakawaka.

Andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 lilitaka shule zetu zijenge kwa kila mwanafunzi akili ya kudadisi. Akili hiyo haijengwi kwa wingi wa vyombo. Hujengwa kila mara mtoto anapopewa nafasi ya kuuliza, kudhani, kuona na kuhesabu mwenyewe, hata akathubutu kumwambia mwalimu wake, kwa adabu, kwamba namba zinasema vingine. Mwalimu anayejiuliza, kabla ya kubonyeza kitufe, ni nini mwanafunzi wake anapaswa kukiona, amekwisha kuitengeneza nafasi hiyo. Idadi ya picha huwa imepatikana katika jibu lake.